Mzigo wa Neno: Fasihi ya Vita na Kazi za Ofisini

Lugha ya kazi katika nchi yetu imekopa mengi kutoka vitani. Tangu siku za TANU tulifundishwa kwamba taifa lina maadui watatu, nao ni ujinga, umaskini na maradhi, na kwamba kila mwananchi ni askari katika vita hivyo. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipopunguza chakula, kilimo kiliitwa cha kufa na kupona. Watu walipohamishiwa vijijini, kazi hiyo iliitwa operesheni. Hata leo ofisi ikipatwa na jambo zito huunda kikosi kazi, kikosi hicho hutunga mkakati, na mkakati ukikwama husemwa kwamba mapambano yanaendelea. Karani ambaye hajapata kushika bunduki maishani mwake hutamka maneno ya vita, tangu saa moja na nusu asubuhi hata saa tisa na nusu alasiri, pengine kuliko mwanajeshi aliye kambini.

Hatusemi kwamba kukopa huko ni kosa. Lugha hukopa panapo haja, na njaa ni adui kweli kweli. Lakini mkopaji yampasa ajue alichokichukua na alichokiacha. Twaona kwamba kutoka vitani tumechukua amri, tumechukua utii, tumechukua na haraka, ila tumeacha jambo moja ambalo watunzi wetu walilifahamu pengine kuliko majemadari wenyewe: kwamba neno la mkubwa lina uzito, uzito huo hubebwa na watu, na aghalabu wanaoubeba si wale walionena.

Siku hizi katika semina za uongozi husikika sana jina la Sun Tzu, Mchina wa kale anayesifika kwa maandishi yake juu ya mbinu za vita. Tumepata kukaa katika semina kama hiyo, tukapewa chai, vitumbua na karatasi zenye mafundisho yake. Hatuna ugomvi na Mchina huyo. Kitabu chake kimesomwa kwa zaidi ya miaka 2,000 na hakingoji idhini yetu. Kilichotushangaza ni kwamba katika ukumbi mzima wa watumishi wa Tanzania hakuna aliyeuliza kama sisi nasi tunayo maandishi ya vita, na kama yana la kumwambia mtu mwenye meza, kalamu na mhuri. Yapo, nayo ni mengi. Tangu Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, vita vimekuwa mojawapo ya nguzo za tenzi za Kiswahili. Wala si ajabu karani kuyashughulikia mambo hayo. Shaaban Robert, aliyeeleza kwa utenzi mrefu vita vya mwaka 1939 hata 1945, alikuwa mtumishi wa serikali tangu mwaka 1926, akianzia katika idara ya forodha. Utenzi wake ulitolewa kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Tuanze Mrima. Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani, iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, ilianza kushika forodha na kupandisha bendera yake, na watu wa pwani wakainuka. Pangani walikuwa na Abushiri bin Salim, Saadani walikuwa na Bwana Heri. Mwaka uliofuata alikuja Hermann von Wissmann na mizinga na askari wa kukodi, na ilipofika Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Habari hizi alizitungia utenzi Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa upande wa Tanga aliyeishi katika siku zile zile.

Hemedi hakukaa kati. Moyo wake ulikuwa pamoja na watu wa pwani, na Wadachi aliwahesabu kuwa wavamizi. Hata hivyo tazama jina ambalo utenzi huo unajulikana kwalo: ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kutamalaki ni kumiliki, ni kuishika nchi ikawa mali yako. Msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, naye amekwisha ambiwa ni nani aliyeshinda. Mtunzi aliyewapenda mashujaa wake angeweza kuukata utenzi mahali ambapo bado wanasonga mbele, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Aliona, kama tunavyodhani sisi, kwamba ushujaa hauhitaji kusaidiwa na uongo, na kwamba atakayekuja baadaye kudai nchi yake atahitaji kujua ilivyopotea.

Mwanafunzi aliyewahi kusoma taarifa ya mwaka ya ofisi yoyote atatambua tofauti. Sisi tumezisoma nyingi, na nyingine tumeziandika. Zamani zilikuwa na sehemu iliyoitwa matatizo. Siku hizi sehemu hiyo huitwa changamoto, neno zuri ambalo halina budi kupumzishwa kidogo, maana limetumikishwa kuliko punda wa Lamu. Mradi uliokufa una changamoto, kisima kisichotoa maji kina changamoto, na fedha zisizoonekana nazo zina changamoto. Hemedi hakuwa na neno hilo. Miji ilipotwaliwa, alisema imetwaliwa.

Lakini kusema kweli baada ya kushindwa ni nusu ya kazi, tena ni nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni kusema kweli kabla watu hawajaondoka kwenda. Kwa jambo hilo hatuna kitabu kilicho karibu nasi kuliko Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969 na ambayo vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimeisoma. Mwalimu na awakumbushe wanafunzi wake tangu mwanzo lile ambalo mwandishi mwenyewe alilieleza, kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Umatumbi kung'oa pamba na vita kuanza. Hakuishi kuyaona yaliyofuata. Wa jukwaani ameachwa aishi ili ayaone, na katika kuona kwake ndimo somo lilimo.

Twaijua habari. Watu wanafanyishwa kazi katika shamba la pamba la Bwana Kinoo huku mashamba yao yakilala, na njaa imeingia nyumbani. Kinjeketile anavutwa na pepo Hongo hata ndani ya mto, anatoka akiwa na maji, na maji hayo yanafanya jambo ambalo hakuna mzee wala jemadari aliyeweza kulifanya: yanawafunga pamoja watu wa makabila yaliyokuwa yakichukiana. Hapo ndipo penye fumbo lote. Maji yale hayakuwa upuuzi. Yalileta umoja, na umoja ule ulikuwa kweli. Ila yaliahidi pia kwamba risasi haitaingia mwilini, na ahadi hiyo haikuwa kweli.

Kitunda, ambaye ndiye mtu wa vita, anahoji. Yeye hawezi kupeleka watu kwa sababu tu wameimba vizuri. Ataka wafundishwe, ataka muda. Kinjeketile naye, anapoutafakari ujumbe wa Hongo na kuona kwamba ndani yake mna ahadi ya kuwaweka watu chini ya mtawala mwingine, anaanza kufahamu kwamba huenda ametumiwa. Anataka vita vicheleweshwe. Lakini neno limekwisha kutoka. Limekuwa kubwa kuliko aliyelitoa, linatembea lenyewe kijiji kwa kijiji, na sasa yeye aliyelizaa halitii tena wala halimtii. Watu hawawezi kungoja. Wanakwenda mbele ya bombomu na mikono yenye mikuki.

Historia ilikuwa na yake ya kusema juu ya jambo hilo. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Mahenge, wakaanguka mbele ya bunduki hizo za kufyatua mfululizo. Vita vilipozimwa mwaka 1907, Wajerumani walikuwa wamechoma vyakula na mashamba makusudi ili njaa imalize kazi, na makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa. Lawama ya mauaji hayo ni ya waliokuja kutawala, na hatupendi mwanafunzi yeyote atoke katika somo hili akidhani kwamba maji ndiyo yaliyoua. Tunalouliza ni dogo kuliko hilo, nalo linatuhusu sisi tulio kazini: ni wakati gani mtu aliyetoa neno, akaanza kulitilia shaka, huwa na wajibu wa kusema?

Hapa hatuna budi kusimulia lililotupata sisi wenyewe, maana si haki kumhoji Kinjeketile na huku tumejificha nyuma ya meza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya kusini, ambayo hatutaitaja. Tulikuwa na cheti cha kidato cha nne, kasi ya maneno arobaini kwa dakika, na daftari la mashairi katika mtoto wa meza. Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Bwana shamba wa tarafa, mtu mzima aliyevaa kandambili hata kazini, alizunguka vijiji vinne, akachungulia vihenge, akapima, akaandika kwa mkono kwamba akiba iliyopo ingetosha wiki tatu. Karatasi yake ilikuwa na madoa ya jasho. Mkubwa wetu aliisoma, akaiweka chini, akaisoma tena. Wiki ile alitazamiwa mgeni kutoka juu, na mwezi uliotangulia ofisi ilikuwa imekwisha arifu kwamba eneo letu linajitosheleza kwa chakula. Akatuita, akasema kwa upole kama mtu anayesahihisha herufi: "Hapo kwenye wiki, weka miezi."

Tukaweka miezi. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu dakika, na mashine haikupiga kelele zaidi ya kawaida.

Siku kumi baadaye alikuja mwenyekiti wa kijiji kimojawapo, mzee aliyetembea tangu alfajiri. Tulimwamkia, akaitikia, akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. "Mwanangu," akauliza, "ile barua ya chakula imekwenda?" Tukamjibu, "Imekwenda, mzee." Akashukuru, akaomba maji ya kunywa, akarudi alikotoka. Ndugu msomaji, hatukusema uongo. Barua ilikuwa imekwenda. Namba yake imo katika daftari la barua zitokazo, na tarehe yake, na herufi za kwanza za jina letu. Ila mzee yule alibeba jibu letu kilometa zote zile akiwaeleza watu njiani kwamba chakula kinakuja, nasi tulijua kwamba barua iliyokwenda iliomba chakula kisije upesi.

Chakula cha msaada kilifika zaidi ya miezi miwili baadaye, wakati mvua zilizochelewa zilikuwa zimeanza kukata barabara. Watu walikula ming'oko, na ile ya karibu ilipokwisha wakaifuata mbali. Mwalimu mkuu wa kijiji kile aliandika kwamba darasa la nne limebaki na watoto kumi na mmoja. Barua yake nayo tuliipokea sisi, tukaigonga mhuri wa tarehe. Na yule bwana shamba, alipokuja kufuata posho yake ya safari, aliomba kuliona jalada. Akasoma ile ya chapa tangu juu hata chini, akalifunga. "Umepiga chapa safi, kijana," akasema, akatoka.

Tumeyaeleza hayo kwa sababu wengi wetu tunaposoma Kinjeketile hujiweka katika nafasi ya Kinjeketile au ya wale waliokwenda na mikuki. Mtumishi wa ofisi hana nafasi katika hizo mbili. Yeye hakutoa neno, wala halimwangukii. Yeye hulipitisha. Na upitishaji huo una faraja yake ya hatari, kwani mikono ya mpitishaji hubaki safi, na anaweza kuzeeka akiwa amesifiwa kwa unadhifu.

Iko habari nyingine ya vita ambayo ingepasa kusomwa mbele ya kila anayepitisha maneno, ijapokuwa haikuandikiwa utenzi unaolingana nayo. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalifukuzana katika nchi hii, na kwa kuwa mbung'o waliua farasi, ng'ombe na punda, mizigo ya majeshi ilipandishwa juu ya vichwa vya watu. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, akatembea katika matope na jua, akala kidogo, tena mara nyingi chakula ambacho tumbo lake halikukizoea. Kwa upande wa Waingereza peke yake hutajwa wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, na wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Mjini Dar es Salaam, juu ya kiweko cha sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927, aliyesimama ni askari na bunduki yake. Mpagazi aliachiwa jina la mtaa na soko: Kariakoo, ndilo lile jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, lilivyopita katika midomo ya watu. Maelfu hununua nyanya pale kila siku bila kuwaza mzigo uliotangulia.

Ofisi nazo zina wapagazi wao. Jemadari wa mwaka 1916 aliponena "tusogee mto wa pili kabla ya Jumamosi", sentensi yake ilikuwa ya maneno machache. Kichwani mwa mpagazi ilikuwa masanduku ya risasi na siku sita za njia. Vivyo hivyo waraka unaosema kwamba takwimu za shule zote zifike mkoani Ijumaa saa sita ni mstari mmoja. Chini yake kuna mwalimu anayeacha darasa, dereva asiyelala, na mhudumu wa ofisi anayerudi nyumbani usiku kwa miguu. Hatusemi waraka usitolewe. Twasema tu kwamba mwandishi wake angefaa, kabla ya kutia sahihi, ayapitishe maneno yake juu ya kichwa chake mwenyewe aone yana kilo ngapi.

Atasema mtu: mnataka nini basi? Je, mkubwa awaambie watu kila shaka iliyomo moyoni mwake? Jeshi gani limewahi kwenda vitani kwa kuhesabiwa makaburi? Hoja hii ni nzito na hatupendi kuipita kwa haraka. Tumaini ni sehemu ya chakula cha kazi. Mwalimu anayeingia kidato cha nne akasema nusu yenu mtafeli, hata kama takwimu za nyuma zinamuunga mkono, hakusema kweli, amefanya dhuluma. Hussein aliijua hoja hiyo, ndiyo maana hakuimaliza tamthilia mahali pepesi. Mwishoni Kinjeketile yumo kifungoni, na Kitunda, yule yule aliyekuwa akihoji, sasa anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo, ili mateso yaishe. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akisema hivyo mbele ya adui, adui atachukua neno moja na kuwaambia watoto wa watoto kwamba hata kudai nchi yao kulikuwa uongo.

Kwa miaka mingi tulikisoma kitendo hicho kama ukaidi, kisha tukakisoma kama ushujaa. Sasa tunaelekea kuamini kwamba mtu huyo alikosa mara moja na akapatia mara moja, na kwamba tofauti ya mara hizo mbili ni ya mahali na wakati. Alipowanyamazia watu wake wakiwa bado hawajaondoka, ukimya wake uliwaacha wabebe wasichokijua. Alipowanyamazia waliomfunga, baada ya yote kutokea, aliubeba yeye. Mtumishi anayemwambia mkubwa wake ukweli chumbani, kisha akasimama naye mbele ya watu, hana nyuso mbili. Mwenye nyuso mbili ni yule anayepiga makofi chumbani na kunong'ona vibandani.

Na kukosea si sawa na kuficha. Hapo pia tuwe waangalifu. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, baada ya majeshi yetu kuingia Kampala tarehe 11 Aprili, Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi, na mtoto akipewa hesabu huihesabu. Miezi 18 ilikwisha, foleni za sabuni na sukari zikaendelea, unga wa yanga ukaendelea, na watu wazima wakaanza kulitaja neno hilo kwa kicheko kisicho na furaha. Neno lilikuwa limeelemewa: bei ya mafuta ilipanda duniani, gharama za vita zilikuwa kubwa, na mambo mengine ya hapa kwetu nayo yalichangia. Lakini kiongozi huyo huyo, mwaka 1977, katika tathmini yake ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, alikwisha andika kwa kalamu yake kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, akataja na mahali tulipokosea. Hakungoja ashindwe na wengine. Mwalimu wa uraia akitaka mfano wa taarifa ya kazi iliyoandikwa na mtu asiyeogopa taarifa yake, ampe mwanafunzi hiyo. Kumbe neno la miezi 18 lilisameheka kwa wengi, twafikiri, kwa sababu aliyelitoa alikuwa na desturi hiyo ya kujisahihisha hadharani.

Walio chini hawana jukwaa la hadharani. Wao wana jalada. Katika utumishi wa serikali ipo desturi ya zamani ambayo vijana huiona kuwa ni urasimu mtupu, nayo ni dokezo. Mdogo huandika maoni yake, mkubwa huandika uamuzi wake chini, na karatasi zote mbili hubaki zimefungwa pamoja kwa uzi, kila moja na namba yake. Mkubwa anayo haki ya kuyakataa maoni. Hana haki ya kuyafanya yasiwepo. Kwa maoni yetu huo ndio utii unaofaa kazini, tena unashinda ule wa gwaride: nitafanya uliloniamuru maadamu ni halali, ila lile nililokwambia nalo litakaa hapo. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na pengine walimaanisha zaidi ya kumlinda mjumbe. Ujumbe ukiuawa njiani, hata mjumbe akifika salama, waliomtuma hawakusikilizwa.

Kitunda alikuwa na ujasiri wa kuuliza mapema, na kwa hilo tunamheshimu kuliko mashujaa wengi wa tenzi. Sisi hatukuwa nao. Hatukusema "mzee, bwana shamba ameandika wiki." Tulikuwa na miezi minne tu kazini, mama alikuwa anatutegemea, na zote hizo ni sababu, ila hakuna hata moja kati yake iliyomfikia yule mwenyekiti aliyetembea tangu alfajiri.

Jambo moja tulilifanya, na hatujalielewa vizuri hadi leo. Mkubwa wetu hakutuambia la kufanya na ile karatasi ya mkono. Karatasi za namna hiyo, zikishapigwa chapa, hutupwa. Sisi tuliitoboa, tukaitia katika jalada kama folio ya 14, na ile ya chapa tukaifanya folio ya 15. Ndizo alizozikuta bwana shamba, na huenda ndiyo maana hakusema zaidi ya alivyosema. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumekabidhiwa masjala, jalada hilo lilifika zamu ya kuteketezwa. Tuliandika dokezo kuomba lihifadhiwe, tukakubaliwa.

Anapokuja karani mpya tunampa alisome, kabla hatujamwonyesha ilipo mihuri. Tunamwachia nusu saa. Wengine hulirudisha wakasema wamemaliza. Mwaka juzi alikuja binti mmoja, akakaa nalo hata saa ya chai ikapita, kisha akalileta likiwa wazi, kidole chake kikiwa kati ya folio mbili. "Shikamoo mzee," akasema, ijapokuwa tulikuwa tumekwisha amkiana asubuhi. "Nani alipiga hii?"

Tukamwonyesha herufi za jina zilizo chini kushoto.